Sahani ya nyumbani kwanza, kikapu cha soko baadaye

 Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya chakula na furaha ya nyumba. Tunajua wengine watauliza: furaha gani, katika nyakati hizi? Swali ni la haki. Tutalijibu, lakini kwanza tuungame kosa letu wenyewe.

Mnajua siku ya soko kwetu. Kabla jua halijatoka, njia imejaa. Wamama wanashuka milimani, kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Vijana wanasukuma chukudu zenye magunia ya viazi. Magari yanangoja kando ya barabara ya taifa namba 2 yapeleke mali Butembo, kilomita karibu 45. Viazi, maharagi, shu, karoti, poaro, vitunguu, avoka, mayai: vyote hivi vinatoka mikononi mwetu, na vingine vinafika mpaka Kisangani. Sisi ndio tunaolisha miji. Lakini jioni tunarudi na kikapu chepesi. Ndani kuna sabuni, chumvi, unga wa muhogo, sukari kidogo, na biskuti za kumnyamazisha mtoto.

Nyumbani kwetu tuliishi hivyo pia. Baba wa watoto ni mwalimu kama sisi, na mshahara wa mwalimu mnaujua: unakuja ukipenda. Basi tulitegemea shamba la viazi na maharagi, kuku sita, na mti mmoja wa avoka nyuma ya jiko. Yai likitagwa, lilikuwa limekwisha kuuzwa kabla halijapoa. Avoka nzuri zilikwenda sokoni, na zile zilizopasuka tulizila sisi. Tuliona huo ndio utunzaji mzuri wa nyumba.

Mwaka 2024, mwezi wa tano, tulimpeleka mtoto wetu wa tatu kwenye siku ya kupima watoto. Alikuwa na miezi 19. Mhudumu alizungusha kwenye mkono wake ile kamba yenye rangi tatu. Wamama mnaifahamu. Kijani ni salama. Manjano, kati ya santimetre 11,5 na 12,5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11,5, ni hatari kubwa. Mkono wa mtoto wetu ulisimama kwenye manjano.

Tuliona haya sana. Wiki ile ile, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa nne, tulikuwa tumechora ubaoni mafungu matatu ya vyakula: vyenye kutia nguvu, vyenye kujenga mwili, na vyenye kuukinga mwili na magonjwa. Tulikuwa tumewapa hata maulizo ya kujibu. Tuna diploma ya ualimu, na mtoto wetu ana mkono wa manjano! Tulitazama kulia na kushoto tuone kama kuna mzazi wa mwanafunzi wetu aliyesikia.

Mhudumu akauliza polepole:

— Mwalimu, jana mtoto alikula nini?

— Asubuhi chai na biskuti. Jioni fufu na mchuzi wa shu.

— Na mayai? Si mnafuga kuku?

— Tuliyauza.

— Na avoka?

— Tuliziuza.

— Na maharagi?

— Tuliyauza, tukanunua unga.

Hakutugombeza. Alisema tu: «Basi kuku wenu wanalisha watoto wa watu wengine.» Neno hilo tulirudi nalo mpaka nyumbani, na usiku halikutupa usingizi.

Tunawaandikia haya kwa sababu kosa hili si la nyumba moja. Uchunguzi mkubwa wa nchi yetu juu ya watu na afya, wa mwaka 2013-2014, ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 43 ni wafupi kuliko umri wao, na sababu kubwa ni kukosa chakula chema kwa muda mrefu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuonekana hana ugonjwa. Anacheza, anacheka, na fufu imejaza tumbo lake. Lakini tumbo lililojaa si mwili uliolishwa. Kila mwalimu anawajua watoto wenye kusinzia kabla ya saa nne, wanaosoma neno leo na kesho hawalijui. Wakati mwingine tunasema wana kichwa kigumu, na kumbe tungeuliza kwanza wamekula nini.

Sababu nyingine si za mama peke yake. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, tulizoea kutoshikana mikono na kutotembeleana. Nyumbani kwetu kila mtu alianza kula kando, haraka haraka. Ugonjwa ukaisha, desturi ikabaki. Kisha vita. Mwisho wa mwezi wa sita 2024 vilifika Kanyabayonga na Kirumba, na watu wengi wa kusini mwa Lubero wakakimbia wakiacha maharagi shambani. Upande wa Beni wengi hawathubutu kufika kwenye mashamba yao kwa sababu ya mauaji. Hakuna mama anayeweza kupika kilichobaki katika shamba lisilofikika. Hilo tunalijua, na hatutaki neno letu liwe mzigo juu ya mizigo.

Lakini ni katika siku hizo hizo ndipo tulipopata somo la pili.

Mwezi wa saba mama mmoja kutoka upande wa Kirumba alikuja kukaa kwetu na watoto wake wanne. Jioni ya kwanza tulikuwa na viazi na kopo moja la maharagi kwa watoto saba na watu wakubwa watatu. Tulitaka kumwomba radhi. Yeye aliomba mkeka. Akautandika, akaita watoto wote, akawanawisha mikono mmoja mmoja, akagawa chakula akianza na mdogo kuliko wote, kila mtoto sahani yake. Halafu akakaa katikati yao na kuanza vitendawili. Watoto walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tulimtazama tukashangaa. Alituambia: «Dada, shamba limebaki kule. Nyumba imebaki kule. Lakini kinywa cha kucheka nimekuja nacho.»

Tulikuwa tumengoja furaha ije siku vita vitakapokwisha, siku mshahara utakapoongezwa, siku mabati mapya yatakapofika. Mama huyu hakuwa na hata mlango wake mwenyewe, na alikuwa anaikalisha furaha juu ya mkeka wetu, kwa viazi vyetu wenyewe.

Tangu hapo tumefanya mambo machache. Tunawapa kama tulivyoyafanya, na mtachagua yanayofaa kwenu.

La kwanza ni hesabu ya mayai. Kati ya mayai 10, sita yanakwenda sokoni, manne yanabaki kwa watoto. Baba wa watoto aliuliza: «Mama wa watoto, na chumvi tutainunua na nini?» Tukamjibu: «Na yale sita.» Biskuti tuliziacha, na sukari tukaipunguza, humo ndimo tulimopata sehemu ya franka zilizokosekana. Na kwa kuwa tangu zamani yai, likibaki nyumbani, lilikuwa la baba, jioni moja yeye mwenyewe alilichukua kwenye sahani yake akaliweka kwenye ya mtoto. Hatukusema kitu, lakini tulifurahi kuliko siku ya malipo.

La pili ni uji wa masoso. Tunasaga pamoja vipimo viwili vya mahindi, kimoja cha mtama na kimoja cha soja. Soja tunaikaanga vizuri kwanza, kwa maana soja mbichi inasumbua tumbo. Wamama wa kikundi chetu wanasaga kwa zamu, kama likelemba: leo kwako, juma lijalo kwangu. Mtoto mchanga haumhusu. Yeye mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu. Baada ya hapo anaanza uji, akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili.

La tatu ni mboga za bure. Lengalenga inaota yenyewe nyuma ya choo na kando ya njia, na tulikuwa tukiidharau kwa kuwa hainunuliwi. Majani ya maboga, majani ya maharagi, yote ni chakula. Mgeni wetu alitufundisha kukaanga mbegu za maboga, kuzitwanga na kuzichanganya na mboga, pamoja na mafuta mekundu ya mawese. Sombe ichemke muda mrefu, hilo mnalijua. Lengalenga isikae sana motoni.

La nne ni maharagi. Yana damu ndani yake, kama wazee wetu wanavyosema, lakini chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuichukua nguvu hiyo. Sasa chai tunainywa mbali na chakula. Juu ya maharagi tunakamulia limau, au tunatia nyanya, kwa maana vinausaidia mwili.

La tano ni sahani ya mtoto. Kwenye sahani moja ya wote, mkubwa anakula haraka na mdogo anabaki kulamba vidole. Mtoto wa miaka miwili awe na sahani yake, na mtu wa kukaa karibu naye mpaka amalize.

Na jambo la sita halina bei: tunakaa. Kila jioni, kabla giza halijaingia, tunatandika mkeka karibu na mbabula, kwa kuwa baridi ya milima yetu haina huruma. Simu inawekwa kando. Habari za vita zinangoja mpaka watoto walale. Tunapenda viazi vilivyochomwa kwenye majivu, vile vyenye ngozi ya kuunguza vidole. Tunapenda juma lile maharagi mabichi yanapotoka shambani kwa mara ya kwanza. Tunapenda nusu ya avoka na chumvi kidogo, marakuja inayopasuliwa kwa meno, na sauti ya mvua juu ya bati wakati wote wamekwisha rudi nyumbani. Tulikuwa na vitu hivi siku zote. Tulivipita tu, tukikimbilia sokoni.

Wamama, hatutawadanganya kwamba kila mwezi tunaweza. Mwezi wa kwanza wa 2025 mtoto mkubwa aliugua, tukauza mayai yote na kuku mmoja juu yake. Kuna siku ambazo watu ni wengi na chungu ni kimoja, na tunakula viazi tu. Siku kama hizo mkeka unatandikwa vilevile. Na mwisho wa juma tukipata mayai, hesabu ya sita na manne inaanza tena.

Mwezi wa nane 2024, baada ya miezi mitatu, tulikuwa tumerudi kumpima mtoto. Kamba ilisimama kwenye kijani. Si juu sana, kidogo tu. Mhudumu alituuliza: «Na kuku, wanamlisha nani sasa?» Safari hii tulicheka.

Mama ambaye mtoto wake yuko kwenye manjano au nyekundu, usikae nyumbani kwa kuogopa macho ya watu. Sisi tuliogopa, na tuna diploma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya, hasa kwa nyekundu, kwa maana hapo chakula cha nyumbani peke yake hakitoshi, anahitaji matunzo. Na wewe jirani unayeona mkono mwembamba wa mtoto wa mwenzako, usiende kusimulia kisimani. Nenda kwake na kopo la maharagi.

Kazi yetu ya juma hili iwe moja tu. Siku ya posho, mnapopanga vikapu vya soko, toeni kwanza kitu kimoja kilicho kizuri, si kilichopasuka, mkiweke ndani. Yai, avoka, karoti tatu, kikombe cha maharagi. Siku ya yenga mkile pamoja, mmekaa, pamoja na mgeni kama mnaye. Kwenye mkutano wa kikundi tutaulizana kila mama aliweka nini, na watoto walisema nini.

Mgeni wetu angali kwetu. Asubuhi hii, wakati tunaandika, yuko nyuma ya jiko na watoto, wanapanda mbegu za maboga. Anasema akirudi kwake kabla hayajakomaa, tutayala sisi. Na tusisahau kumwekea mbegu.

Mbaki na amani, na chakula chenu kiwe kitamu.