Idi katika Delta ya Rufiji

Wengi wetu tukitamani kutembea huiwaza miji ya kale iliyo mbali, kwa sababu tumezisikia sifa za majumba yake, sherehe zake na vyakula vyake. Hilo si vibaya. Walakini iko nchi ya jirani ambayo wasafiri huipita wakisinzia ndani ya basi liendalo Lindi na Mtwara, nayo ni Kibiti pamoja na delta ya Mto Rufiji. Mimi nami niliipita hivyo mara nyingi, hata mwaka 2025 rafiki yangu, mzaliwa wa huko, aliponialika nikaile kwao Idi ya Kuchinja.

Kibiti iko kilomita 140 hivi kusini ya Dar es Salaam. Ni mji wa njiani, wenye minazi, miembe na mikorosho, na wauzaji wa korosho za kukaanga huyakimbilia magari yasimamapo. Tulilala hapo. Alfajiri tukarudi nyuma hadi Bungu, na kutoka Bungu tukashika njia ya mashariki mpaka Nyamisati, bandari ambayo watu hupandia vyombo vya kwenda Mafia. Ilikuwa tarehe 8 Mfunguo Tatu, yaani wakati wa maji mafu, na nahodha alituambia tungoje mpaka karibu saa nne, kwani kabla ya hapo vijito vingine visingepitika. Katika delta mwenye amri ya safari ni bahari.

Mto Rufiji ukaribiapo bahari hugawanyika katika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo umeota msitu wa mikoko uenezao zaidi ya hekta 50,000, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Humo umo mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi kama kaa juu ya miguu yake; umo mchu, utoao vidole vya mizizi topeni ili uvute pumzi; na imo misinzi na mikandaa. Zamani majahazi ya Ghuba yalikuja hapa kupakia boriti, na dari za nyumba nyingi za Uarabuni zilishikwa na miti ya Rufiji. Njiani tuliwaona korongo na viboko, na nahodha alituonya tusitie mikono majini kwa ajili ya mamba.

Ni katika vijito hivi manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilipojificha mwaka 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza katika bandari ya Unguja. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, hata tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa. Wajerumani waliing'oa mizinga yake wakaenda kupigana nayo barani. Meli yenyewe imekwisha kumezwa na tope.

Siku ya Idi, tangu jua halijachomoza, mitumbwi ilianza kuwasili kutoka vitongojini, na takbira zilisikika juu ya maji kabla hatujawaona wanaoleta. Baada ya sala na kuchinja, tuliketi mikekani. Kwanza vililetwa vitumbua na mkate wa kumimina, kisha sinia la wali wa nazi wa mpunga mpya, mbuzi, na kamba wakubwa wa kupaka nazi. Jioni vijana walipiga dufu na kusoma kaswida, kama wafanyavyo pia katika maulidi. Kwa kweli sijapata kula wali mtamu kama ule, nami nikamwambia hivyo mzee mwenyeji wetu, babu yake rafiki yangu.

Alicheka, akasema, “Kesho nitakuonyesha ulikotoka.”

Asubuhi alitupeleka kwa mtumbwi, yeye na mwanawe mkubwa. Shamba lilikuwa zuri, limevunwa nusu, lakini kati ya mabua nikaona visiki vyeusi. Mahali pale palikuwa msitu. Mzee akaeleza kuwa tangu mafuriko makubwa ya miaka ya 1970, maji matamu mengi ya mto yalielekea upande wa kaskazini wa delta, chumvi ikapungua, na watu wakafyeka mikoko wapande mpunga. Baada ya miaka kadhaa magugu na kaa hulishinda shamba, na mkulima hulazimika kufyeka pengine. Serikali inakataza kuikata mikoko, lakini watoto wanataka kula.

“Jana, mwanangu, ulikula wali na kamba katika sinia moja,” akasema. “Kamba hulelewa katika mizizi ya mikoko. Nikiufyeka msitu napata wali, nikiuacha napata kamba. Marehemu baba hakupata kuulizwa achague.”

Mwanawe akajibu kwa adabu, “Baba, kamba hawangoji. Mwaka 2024 mafuriko yalichukua mpunga wote. Tusipofungua shamba jipya, ada ya shule nitailipa kwa nini?”

Mzee hakumkemea. Alituongoza hadi kwenye konde aliloliacha zamani, ambalo wajukuu wake walichomeka mbegu ndefu za mikoko topeni, safu kwa safu. Miche mingine ilinifikia kiunoni. Mwana aliitazama miche ile kwa muda, kisha akainama na kuisimamisha mmoja uliolala. Hakusema kama atafyeka au hatafyeka, nami sikuona haki ya kumwuliza, mimi niliyekula na kuondoka.

Basi, vijana wetu, mkipata nafasi nendeni Rufiji. Ulizeni habari za maji kabla ya kuweka siku ya kurudi, vaeni kwa heshima, nunueni mchele na kamba kwa wenyewe na msiwapunje bei. Na mkialikwa kula, ulizeni kila kilichomo siniani kimetoka wapi. Mwenyezi Mungu aliyekutanisha katika nchi ile maji matamu na maji ya chumvi awape watu wake njia ya kuishi na msitu pamoja na shamba. Amin.