Nani Anakaa Uani?

Kiswahili kimeiheshimu sana baraza. Kile kikalio cha udongo au mawe mbele ya nyumba, wanaume wanapopigia soga jioni, kimetupa Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani na mabaraza mengine chungu nzima. Uani hakukupata bahati hiyo. Ukisema unaenda uani, watu wanajua tu umebanwa na haja.

Kwetu Majengo, Moshi, nyumba ni ile ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo, tunautumia sisi na wapangaji. Sakafu ya ua aliimwaga Baba kabla sijazaliwa. Mizizi ya mparachichi imeipasua, na masika maji yanatuama mlangoni mwa jiko. Kwamba ing'olewe, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya kitakachofuata.

Kaka zangu walitaka mti ukatwe, pevingi zipangwe ukuta hadi ukuta, na gari liingie ndani. Hoja zao zilikuwa na maana: bomba likipasuka, pevingi unazitoa chache, unachimba, unazirudisha. Na gari kulala nje, mjini hapa, si jambo la kufurahia.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa wanangu. Na mimi nitakaa wapi?"

Baba alipofariki, Mama alikaa eda chini ya mparachichi ule, miezi 4 na siku 10. Mpangaji mmoja alikuwa anatoka kila asubuhi na beseni la nguo, anafua taratibu mno, kana kwamba sabuni haitoki povu. Hakusema amekuja kumliwaza. Ada zetu za shule, posa ya dada, ugomvi wa bili ya maji, vyote vilimalizwa hapo kwenye vigoda. Barazani vilikwenda kutangazwa tu.

Fundi alipokuja na kamba na pima maji, akasema mizizi inaonewa. Sakafu ya zamani haikuwa na mtelemko. Akashauri zege la saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, lishuke sentimita 2 kila mita kuelekea kwenye mfereji, limwagwe kwa vipande ili kimoja kikiinuka visipasuke vyote. Shinani mwa mti abakize udongo.

Ndivyo tulivyofanya. Siku 7 tukalimwagilia zege kama bustani. Gari la kaka linalala nje mpaka leo, analipia mlinzi, na kila mwisho wa mwezi anatukumbusha. Ana haki. Ua huu una gharama, na sasa angalau tunaijua kwa shilingi. Wakati wa Baba ilikuwa inalipwa na wanawake, na hakuna aliyeandika risiti.