Kusi ikichacha, wavuvi wa Gazi huvulia ghubani

Familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huteremka Pwani mwezi wa Agosti, watoto wanapofunga shule. Hufika wakitarajia bahari iliyotulia kama ile inayochapishwa kwenye kalenda. Wanachokuta ni upepo usiopumzika, mawingu, na mawimbi meupe yanayopasuka juu ya mwamba. Wakienda kununua samaki huambiwa kwamba nguru leo hakuna, jodari hakuna, na kidogo kilichopo bei yake si ya kuchezewa. Muuzaji akiulizwa sababu, hujibu kwa mkato kwamba bahari ni chafu. Mgeni huondoka akidhani ameuziwa maneno.

Muuzaji huyo hakusema uongo. Miezi hiyo ni ya kusi, na anayetaka kujua kusi ni nini na humfanya nini mvuvi mdogo, heri aende kijiji cha Gazi.

Wapwani hawagawi mwaka kwa kalenda ya ukutani peke yake. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Bahari huwa shwari na vyombo huweza kwenda mbali, nje ya mwamba. Mwezi wa Aprili upepo hugeuka, masika humiminika, na kutoka Mei hadi Septemba hivi kusi ndiyo yenye amri. Juni, Julai na Agosti ndiyo baridi ya Pwani. Usiku joto la hewa hushuka hadi karibu nyuzi 20, na maji ya bahari ambayo mwezi wa Machi yalikuwa na nyuzi 28 au zaidi huteremka hadi 25 hivi. Mtu wa Limuru atacheka akisikia hiyo ikiitwa baridi. Lakini mvuvi aliyeloa tangu alfajiri, upepo ukimpiga mgongoni, hutetemeka hadi meno yakagongana.

Baridi hiyo huvumilika. Linalomtisha mvuvi ni kwamba kusi humfungia njia. Wavuvi wengi wa Gazi hutumia mitumbwi ya kuchonga, ngalawa zenye mirengu na madau madogo, vyombo vinavyokwenda kwa kafi, pondo au tanga. Chombo cha namna hiyo kikitoka nje ya mwamba mwezi wa Julai huweza kurudi kimepinduka, au kisirudi kamwe. Kwa hivyo kwa muda wa karibu nusu mwaka mvuvi hana budi kutafuta riziki yake ndani, kwenye maji yaliyokingwa.

Ghuba yenyewe

Gazi iko katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kati ya Ukunda na Msambweni. Wanafunzi wa historia huenda wakalikumbuka jina hilo. Hapa ndipo alipokuwa na makao yake Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka wa 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani.

Mbele ya kijiji kuna ghuba yenye ukubwa wa kilomita mraba 18 hivi. Upande wa mashariki imekingwa na Chale, na upande wa kusini mwamba wa matumbawe huvunja nguvu za mawimbi. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, humwaga maji yake humo. Nyuma kabisa pameota msitu wa mikoko, na kati ya mikoko na mwamba kumetanda nyasi za baharini, mfano wa malisho ya ng'ombe yaliyofunikwa na maji.

Mambo hayo matatu, yaani mikoko, nyasi na mwamba, ndiyo yanayoifanya ghuba kuwa na samaki hata wakati bahari kuu imechafuka. Samaki wachanga wa aina nyingi hujificha kati ya mizizi ya mikoko na kwenye nyasi, mahali ambapo samaki wakubwa hawawafikii kwa urahisi. Wakikomaa husogea mwambani na hata nje yake. Kwa maneno mengine, ghuba ni kitalu cha samaki. Jambo hili tuliweke akilini, kwani tutalirudia.

Kuvua kwa mwezi na maji

Saa ya mkononi haimsaidii sana mvuvi wa Gazi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Mvuvi asiyejua hesabu hiyo atafika na mtumbwi wake akute tope.

Chombo cha uvuvi kinachoifaa sana ghuba wakati wa kusi ni lema. Huu ni mtego uliosukwa kwa fito nyembamba, wenye matundu ya pembe sita. Mlango wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, hivi kwamba samaki huingia kwa kujipenyeza lakini njia ya kutoka humpotea. Mvuvi hutia chambo cha mwani au konokono wa baharini waliopondwa, akatia na mawe ili mkondo usilichukue lema, kisha akalitega kwenye nyasi. Kesho yake maji yakiruhusu hurudi kulizindua.

Anayenaswa mara kwa mara ni tafi, na pamoja naye changu na pono. Tafi hula nyasi na mwani, na nyama yake ni tamu. Lakini miba yake ina sumu, na akikuchoma mkono utaumwa saa nyingi. Ndiyo maana utamwona mvuvi akimshika kwa uangalifu, kama mtu anayeokota kaa la moto.

Wengine huvua kwa mshipi. Hakuna ufito wala kigurudumu kama cha watalii. Ni uzi, ndoana, chubwi na kidole cha shahada kinachosikiliza. Wengine hutega nyavu kandokando ya mikoko, wakingoja maji yaanze kupwa na mkizi watoke vichochoroni. Siku za bamvua, mwamba unapobaki mkavu, watu hutembea kwa miguu wakiwa na vijiti kutafuta pweza mashimoni. Kazi hii kote Pwani hufanywa na akina mama pia, maana haihitaji chombo wala mtaji.

Na si kila siku ya kusi inavulika. Mvua kubwa ya Mei ikinyesha, mito huleta tope na maji ya ghuba hutibuka. Mwenye kutegemea miwani ya kupiga mbizi hana kazi siku hizo. Upepo nao ukizidi, hata ndani ya ghuba mtumbwi haukai mahali pamoja. Hapo mvuvi hurudi nyumbani mikono mitupu, naye ana watoto wanaongoja karo ya muhula na chakula cha jioni.

Deni la kusi

Samaki wakifika pwani hupokelewa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni tajiri. Jina hili lisikudanganye, kwani mara nyingi si mtu wa magari na majumba. Ni mfanyabiashara anayenunua samaki kwa jumla na kuwapeleka Ukunda au Mombasa. Yeye ndiye anayemkopesha mvuvi nyavu, na kusi ikichacha humkopesha fedha za unga. Mvuvi naye hulazimika kumuuzia yeye, na kwa bei yake. Deni la kusi hulipwa kaskazi, na lisipokwisha huvuka mwaka.

Wa pili ni mama karanga. Huyu hununua samaki wadogo, akawakaanga kwa mafuta na kuwauza kijijini jioni. Maskini wa kijiji hupata kitoweo kutoka kwenye karai lake, na watoto wake huvaa sare za shule kutokana na karai hilohilo.

Sasa turudi kwenye kitalu. Wakati wa kaskazi wavuvi hutawanyika. Wengine huenda nje ya mwamba, wengine kwenye vilindi, na ghuba hupata nafasi ya kupumua. Kusi huwarudisha wote kwenye chungu kimoja, tena chungu ambacho ndimo watoto wa samaki wanamolelewa. Miezi ambayo njaa ya mvuvi ni kali kabisa ndiyo miezi ambayo hana pa kuvua ila penye samaki wachanga.

Hapo ndipo juya linapoingia. Hili ni wavu mrefu wa kukokotwa, wenye matundu madogo, unaozungushwa majini kisha ukavutwa na watu wengi. Hukomba kila kilichomo, mkubwa kwa mdogo, na hung'oa nyasi unapopita. Serikali ililipiga marufuku mwaka wa 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Hata hivyo, katika sehemu mbalimbali za Pwani marufuku hiyo imekuwa ikivunjwa, na kisa chake si kigumu kukielewa. Kijana asiye na mtumbwi wala lema huweza kuvuta kamba ya juya na kupata chochote cha kupeleka nyumbani jioni hiyo. Ukimwambia aache bila kumwonyesha pengine pa kushika, umemwambia alale njaa kwa ajili ya samaki wa mwakani.

Lakini mwakani hufika. Ndoo ya tafi wachanga wasiojaza hata kikaango ingekuwa, baada ya miezi kadhaa, mzigo wa mtumbwi mzima. Anayeumia kwanza ni huyohuyo kijana, kisha mama karanga, kisha tajiri ambaye deni lake halilipwi. Methali yasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hapa pupa imeletwa na dhiki, lakini hasara ni ileile.

Je, kuna njia?

Ipo, na imeanza kutembelewa. Watafiti na wavuvi wa Pwani ya Kenya wamejaribu malema yenye upenyo mwembamba uliosimama ubavuni, wa sentimita chache tu. Tafi aliyekomaa hapiti hapo, lakini mchanga na samaki wembamba wasio na thamani sokoni huponyoka. Mvuvi hapotezi kitoweo chenye fedha, na kitalu hakimalizwi. Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wanakijiji walitenga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000 isivuliwe kabisa, na samaki wakarudi. Sheria pia imewapa wavuvi kamati za kusimamia fuo zao, maarufu kama BMU, ili wao wenyewe wakubaliane nani avue wapi na kwa zana gani. Kamati ikiwa na watu imara, kusi hupita bila ugomvi. Ikiwa legelege, juya huvutwa usiku.

Gazi yenyewe ina somo lake kuhusu mikoko. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa kwa wingi ili kuwa kuni za viwandani, na sehemu nyingine zikabaki uwanda mtupu wa tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo ina kituo hapo kijijini, walianza kuipanda upya pamoja na wenyeji. Mwaka wa 2013 ukaanzishwa mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Mradi huu hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza ng'ambo haki za hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo. Fedha zinazopatikana zimetumiwa kwa maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka wa 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mapato hayo hayamlipi mvuvi deni lake la kusi, lakini yanakilinda kitalu anachokitegemea.

Ukitaka kujionea

Safari si ngumu. Ukishavuka feri ya Likoni, panda matatu ya kwenda Msambweni au Lunga Lunga na umwambie utingo akushushe Gazi. Akina mama wa kijiji wana daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko, na kwa ada ndogo wewe na watoto mtatembea juu yake na kuonyeshwa mkoko, mchu na mlilana, kila mti na jina lake.

Ukifika pwani, usianze na kamera. Mzee ukimkuta anasuka lema, mwamkie kwanza: "Shikamoo mzee." Akishaitika "Marahaba," muulize habari za bahari, kisha ukae kimya umsikilize. Utajifunza mengi kuliko yaliyo kwenye ukurasa huu.

Na jioni utakapoagiza tafi wa nazi kwa sima, mwangalie samaki kabla hajatiwa chunguni. Akiwa hajazidi urefu wa kiganja chako, mwombe mama akupe mwingine, hata ikibidi kuongeza bei. Kufikia Oktoba kusi itakuwa imelegea na mitumbwi itaanza tena kuchungulia nje ya mwamba. Samaki watakaokutwa huko, wengi wao, ni wale waliosalimika ghubani katika miezi ya baridi.