Herufi mbili za begani

Katika somo la semantiki tunafundishwa kwamba neno dogo linaweza kubeba uzito kuliko sentensi ndefu. Mfano ulionikaa zaidi akilini niliuona begani kwa mjukuu wa malkia.

Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifariki Septemba 2022. Katika msafara wa kusindikiza jeneza lake, Charles, Anne, Edward na William walivaa sare za jeshi. Andrew na Harry walivaa suti. Nilishangaa. Andrew alirusha helikopta katika vita vya Falklands mwaka 1982, na Harry alitumikia jeshi miaka 10, akapelekwa Afghanistan mara mbili. Edward aliacha mafunzo ya wanamaji mwaka 1987 kabla ya kuyamaliza.

Sababu ni vyeo vya heshima. Katika ukoo ule mtu hukabidhiwa kikosi awe kama mlezi wake, bila kukiongoza vitani. Edward alikuwa navyo bado. Vya Harry vilirudi kwa Malkia Februari 2021, baada ya yeye kuacha kazi za kifalme; vya Andrew Januari 2022, alipokuwa akiandamwa na kesi.

Tarehe 17 Septemba Harry aliruhusiwa kuvaa sare kwenye mkesha kando ya jeneza. Picha zilionyesha kwamba mabegani mwake hazikuwepo herufi ER, Elizabeth Regina, ambazo kaka yake William alikuwa nazo.

Regina ni Kilatini, maana yake malkia. Kwa sikio la Mswahili, herufi hizo zinafanya kazi ya kiunganishi chetu cha -a: *wa* Malkia. Nishani ya vita husema umefanya nini. Herufi zile husema u wa nani, na mwenye kuzitoa anaweza kuziondoa.

Baba yangu ni askari mstaafu. Sare aliirudisha zamani, lakini mtaani anaitwa Ajida hadi leo, hata na watoto wasiojua maana yake. Mama akikasirika humwita kwa jina lake, mbele ya wageni husema, “Ajida, karibu mezani.” Cheo hicho hakipo tena begani, kipo vinywani mwa majirani, na hakuna ofisi inayoweza kukibandua huko.

Ndiyo maana kazi yangu ya kumaliza masomo itahusu majina ya vyeo mtaani. Nitaanza na ajida, neno lililotujia kutoka Kifaransa.