Kudai Fidia Baada ya Kuungua: Marekani na Nyumbani

Kuungua vibaya ni jeraha lisilokwisha siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini. Jeraha la moto la daraja la tatu, lile linalokula ngozi yote, likichukua eneo kubwa halijifungi lenyewe. Daktari hulazimika kuchuna ngozi ya paja na kuipandikiza mahali palipoungua. Miezi inayofuata kovu hukakamaa na kuvuta kiungo: shingo huinamia kifuani, vidole hujikunja, kwapa hushikana na ubavu. Mtoto aliyeungua mkono akiwa na miaka mitatu hukua, lakini kovu halikui naye, hivyo upasuaji unaweza kurudiwa mpaka ukubwani. Ndiyo maana dai la fidia la aliyeungua haliwezi kuishia kwenye kitanda na dawa. Hudaiwa pia upasuaji ujao, kipato kilichopotea, maumivu, na sura ambayo mtu ataishi nayo mbele za watu.

Tanzania, Kenya na karibu majimbo yote ya Marekani yalirithi sheria ya madhara kutoka Uingereza. Kote huko anayedai kwa msingi wa uzembe hutakiwa kuonyesha mambo yaleyale: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, kwamba hakuutimiza, kwamba kuungua kulitokana na uzembe huo, na kwamba hasara ni hii hapa. Kwenye karatasi haki inafanana. Wanaoishi ughaibuni na kuuguza ndugu nyumbani hukutana na tofauti mahali pengine kabisa, nayo ni nani anayebeba gharama na kazi ya kuthibitisha hayo yote wakati mgonjwa bado amelala.

Marekani, mzigo huo huchukuliwa kwanza na wakili. Katika kesi za majeraha wakili kwa kawaida halipwi kitu mwanzoni. Hukubaliana na mteja kuchukua sehemu ya kitakachopatikana, mara nyingi theluthi moja, na hata asilimia 40 kesi ikifika mbele ya hakimu. Ofisi yake hulipia mtaalamu wa moto, daktari wa kuandika ripoti, na mchumi wa kupiga hesabu ya kipato cha miaka ijayo. Huandaliwa pia mpango wa huduma za maisha yote, unaoorodhesha kila upasuaji, vazi la kubana makovu, krimu, na saa za mazoezi ya viungo, kila kimoja na bei yake. Hospitali nayo hutunza picha na vipimo tangu siku ya kwanza. Hivyo mgonjwa anapoweza kukaa na kushika kalamu, jalada lake limeshanenepa bila yeye kulishika.

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ile ya kahawa ya McDonald's, na husimuliwa vibaya mno, kana kwamba mtu alitajirika kwa kumwagikiwa kikombe. Mwaka 1992 mjini Albuquerque, bibi wa miaka 79 alimwagikiwa kahawa mapajani akiwa ameketi ndani ya gari lililosimama. Aliungua daraja la tatu, akalazwa siku 8 na kupandikizwa ngozi. Aliomba dola 20,000; kampuni ikamjibu kwa dola 800. Mahakamani ilibainika kwamba kahawa ilikuwa ikiuzwa kwa joto la kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, na kwamba kampuni ilikwisha kupokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuungua katika miaka kumi. Mwaka 1994 jopo la raia lilimpa fidia ya dola 200,000, likakata asilimia 20 kwa sababu naye alichangia ajali, kisha likaongeza dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni. Jaji aliipunguza adhabu hiyo hadi dola 480,000, na mwishowe pande mbili zikamalizana kwa siri. Malalamiko 700 yaliyopuuzwa ndiyo yaliyozaa adhabu. Bila hayo, kesi ingebaki ya dola 160,000.

Hata hivyo, hundi ya Marekani si yote ya aliyeungua. Tuseme madai yamemalizwa kwa dola 90,000. Wakili anachukua 30,000, gharama za kesi 6,000, kisha bima ya afya iliyolipa hospitali inadai kurudishiwa chake, mathalani 19,000. Zinabaki 35,000. Jamaa wa nyumbani wanaosikia ile 90,000 hawaioni hesabu hii, na ni vyema mhusika aijue kabla ya kusaini, kwa sababu deni la bima huweza kujadiliwa na kupunguzwa, na wakili mzuri huifanya kazi hiyo.

Muda nao ni mkali kuliko wengi wanavyodhani. California na Texas hutoa miaka 2 ya kufungua kesi ya jeraha, New York miaka 3, Tennessee na Kentucky mwaka 1 tu kwa kawaida. Mtu aliyehama jimbo akiwa katikati ya matibabu asidhani kwamba muda wa jimbo jipya ndio utakaomhusu.

Kwa walioungua kazini utaratibu ni mwingine, na hapa nyumbani kunafanana na Marekani kuliko inavyodhaniwa. Mpishi wa Kikenya anayemwagikiwa mafuta ya kukaangia katika mgahawa wa Dallas au Minneapolis hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Bima ya kazini humlipia matibabu na kwa kawaida theluthi mbili ya mshahara. Naye, kwa upande wake, hawezi kumshtaki mwajiri kudai malipo ya maumivu. Kama kikaangio kilikuwa kibovu tangu kiwandani, mtengenezaji anaweza kushtakiwa pembeni. Texas ni ya kuangaliwa sana, maana mwajiri binafsi anaruhusiwa kutojiunga na mfumo huo. Asipojiunga, anaweza kushtakiwa moja kwa moja. Majimbo mengi hayamnyimi mfanyakazi haki hii kwa kukosa kibali cha kuishi. Hata hivyo wasio na kibali huficha majeraha kwa hofu, wakatibiwa kwa dawa za dukani, na siku 30 za kumtaarifu mwajiri, zilizowekwa na majimbo kama Texas, California na New York, zikapita.

Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hakatwi senti. Fundi aliyeunguzwa na mvuke kiwandani hulipiwa matibabu na asilimia 70 ya mshahara wakati hawezi kazi, na akibaki na ulemavu hupewa mkupuo au pensheni kulingana na kiwango chake. Kenya ina sheria ya mafao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ijulikanayo kama WIBA. Dai hupelekwa ndani ya miezi 12 kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na ulemavu kamili wa kudumu hupimwa kwa mapato ya miezi 96. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Bado wapo wanaopoteza miaka kwa kufungua kesi mahali pasipostahili.

Ugumu wenyewe uko nje ya ajira rasmi, na nyumbani watu wengi huungulia huko: jikoni, kwenye mtungi wa gesi unaovuja, kwenye waya wa umeme ulioning'inia uchochoroni, kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli. Hapo hakuna mfuko. Kuna wakili anayetaka malipo ya kuanzia, mahakama yenye ada, na familia iliyokwisha kuuza kiwanja kulipia wodi. Kenya imekataza kabisa makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Nia ya sheria ni kuzuia mawakili kufanya biashara ya majeraha ya watu, lakini kwa aliyeungua na hana kitu mlango unabaki umefungwa, na msaada wa kisheria hauwafikii wote. Tanzania ina sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 na Kenya ya mwaka 2016. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, nchini Tanzania, na Kituo cha Sheria nchini Kenya, husaidia wasio na uwezo. Afadhali familia ibishe hodi huko mapema, hata kabla mgonjwa hajatoka hospitali.

Kinachoua madai mengi nyumbani ni karatasi. Mahakama za nchi zote mbili hushikilia kwamba hasara ya fedha itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe kikamilifu. Kinachotokea wodini ni kwamba ndugu hupewa kijikaratasi: bandeji, glavu, krimu ya silva, maji ya dripu. Anashuka hadi famasi iliyo mkabala na lango, analipa, anarudi mbio, na risiti inabaki mfukoni mwa suruali. Risiti ya mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto; baada ya miezi michache ni nyeupe tupu. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa zimetumwa, lakini hauonyeshi zimenunua nini. Kupiga picha kila risiti siku ileile, pamoja na kijikaratasi cha daktari, kunaweza kuokoa mamilioni ya shilingi miaka miwili baadaye.

Nyaraka nyingine ni namba ya taarifa polisi, RB Tanzania au OB Kenya, fomu ya polisi ya PF3 au P3, na ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya mwili iliyoungua, kina cha jeraha, na tiba itakayohitajika baadaye. Hili la mwisho husahaulika sana. Ripoti inayosema tu kwamba mgonjwa aliungua na anaendelea vizuri humnyima upasuaji wa miaka ijayo, kwa maana mahakama haiwezi kutoa isichoonyeshwa. Maumivu na makovu hukadiriwa na hakimu mwenyewe, bila jopo la raia, kwa kulinganisha na kesi zilizopita. Hukumu hizo husomwa bure mtandaoni kupitia TanzLII na Kenya Law, na familia inaweza kujua kiwango cha kawaida kabla ya kukubali ofa ya bima.

Ukomo wa kufungua kesi ya madhara ni miaka 3 Tanzania na miaka 3 Kenya. Anayeishtaki Serikali ya Kenya ana miezi 12 tu. Tanzania lazima Serikali ipewe notisi ya siku 90 kwanza. Kwa mtu anayeingia na kutoka chumba cha upasuaji, miaka 3 si mingi.

Majanga ya mafuta ni sura ya peke yake. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, na Msamvu mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa katika kila tukio baada ya lori la mafuta kupinduka na kuwaka huku wengi wakichota. Sheria hupunguza fidia kwa kadiri mdai alivyochangia kuumia kwake, ileile kanuni iliyomkata bibi wa Albuquerque asilimia 20, na aliyekwenda na ndoo hukabiliwa na swali zito. Aliyekuwa akipita na pikipiki, au aliyelala nyumbani kwake, hana swali hilo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katika eneo la makazi, na mamlaka ya nishati ya Kenya ikasema ilikwisha kukataa maombi ya kuendesha kituo cha gesi hapo. Wakazi wa namna hiyo wana dai dhidi ya mmiliki, na huenda pia dhidi ya waliopaswa kuzuia. Katika majanga haya harambee na rambirambi hufunika kila kitu, na waliosababisha huachwa bila kuulizwa. Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa mchango wa ndugu haumpunguzii mkosaji deni lake mbele ya sheria. Muhimu ni kuonyesha gharama ilikuwa kiasi gani.

Hapa ndipo makundi ya WhatsApp ya ughaibuni yanapoweza kufanya zaidi ya kuchanga. Sehemu ndogo ya mchango ikilipa wakili aandike barua ya madai, na mtu mmoja akabidhiwe kutunza picha na risiti, familia inapata muda wa kupumua bila kupoteza haki. Aliye mbali anaweza hata kusimamia shauri, akipewa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa kisheria.

Kuna pia shinikizo la kumalizana. Msichana wa kazi aliyemwagikiwa uji wa moto, mtoto aliyeunguzwa kwa jirani: wazee hukaa, bahasha hutoka, karatasi husainiwa. Kukubali si kosa, ila karatasi inayosema hakuna madai zaidi inaweza kufunga mlango wa upasuaji ambao bado haujajulikana. Kwa mtoto, kesi ikishafunguliwa, Tanzania na Kenya hutaka mahakama iridhie kwanza makubaliano yoyote, kama ilivyo katika majimbo mengi ya Marekani.

Baada ya hukumu hubaki kuilipisha. Marekani kwa kawaida kuna bima nyuma ya mdaiwa, ya nyumba, ya gari au ya biashara, na hundi hutoka huko. Nyumbani bima ya lazima inayojulikana zaidi ni ya gari, na Kenya imeiwekea kampuni ya bima kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hutafutwa kwa mwenye gari. Mwenye kituo cha gesi cha uchochoroni anaweza asiwe na bima yoyote. Sheria za Tanzania na Kenya humpa mshindi miaka 12 ya kukaza hukumu, na katika muda huo kiwanja, gari au akaunti ya mdaiwa itakayogundulika inaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama.