Nilisema "Mbili", Mama Akasikia "Sina Kitu"

Leo nawapa stori yangu mwenyewe, ila jina la mtu sitaji.

Nilipomaliza Form Four nilipata kazi kwa mama mmoja mstaafu. Kila Alhamisi wenzake watatu walikuja kucheza briji. Kazi yangu ilikuwa chai tu, ila macho yote mezani, mpaka Mama akaamua kunifundisha.

Usifananishe na albastini. Briji mnacheza wanne, wawili wawili, kila mtu karata 13. Kabla ya kucheza mnanadi, na huruhusiwi kumwambia mwenzako umeshika nini. Unataja namba na aina ya karata, basi. Ree ina pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Kwa mfumo wa Mama, ukiwa na pointi 12 au 13 hivi unafungua kwa 1. Ukisema 1 kopa, una kopa 5 au zaidi. Mtego uko hapa: 2 kopa siyo mkono mkubwa! Ni mkono dhaifu wenye kopa 6, unawabana tu wapinzani. Mkono mzito kabisa, pointi 22 kwenda juu, unafungua kwa 2 pau, hata kama pau huna.

Siku moja mwenzao akaumwa, nikakalishwa mimi upande wa Mama. Nikashika pointi 19, kopa 6. Moyo paa! Nikasema 2 kopa kwa mbwembwe. Mama akasema pasi. Tukala raundi 10, zinazotosha kabisa 4 kopa, ila bonasi ya gemu tukaikosa kwa sababu hatukuinadi.

"Mama, si nilikwambia nina karata kali?"

"Uliniambia huna kitu, mwanangu. Ungeanza na 1 ningekuinua, ukaruka mpaka 4."

Usiku sikulala. Miezi yote nilikuwa namwambia "maisha magumu Mama", nikiamini anajua nataka kusoma ushonaji jioni. Kumbe yeye alikuwa ananiongezea hela ya vocha!

Asubuhi nikampa shikamoo, nikanyoosha maneno: "Mama, naomba ruhusa kila saa 10 jioni nikasome ushonaji."

"Kumbe ndo hicho tu?"

Gauni nililovaa leo nimelishona mwenyewe. Na wewe je, nani unamnadia kwa lugha asiyoijua? Dondosha komenti hapo chini.