Ni Juu Yako

Yapo maneno madogo ambayo uzito wake hauonekani mpaka mtu atakiwe kuyaeleza. Neno "up" la Kiingereza ni mojawapo. Lina herufi mbili tu, na mtoto hufundishwa kwa kunyooshewa kidole mbinguni: maana yake ni juu. Maelezo hayo humtosha mpaka afike sekondari, ambako masomo mengi husomeshwa kwa Kiingereza. Hapo neno huanza kumponyoka.

Nilikaa kwa muda Irente, karibu na mji wa Lushoto, nyumbani kwa mama yangu mdogo, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa milimani akazeekea huko. Mjukuu wake wa kidato cha kwanza alikuwa akisoma jiografia, akaniuliza: "Mjomba, mto ukikauka, maji hupanda juu?" Alikuwa amekutana na "dry up". Neno la kwanza alilijua. La pili ndilo lililompeleka mrama.

Swali lake lilikuwa la haki. Katika "dry up", "eat up" na "use up", neno hilo halionyeshi upande wa mbingu, bali ukomo: jambo limetimia, halina salio. Sisi kazi hiyo huipa kitenzi chenyewe. Kutupa ni kitu kimoja, kutupilia mbali ni kingine. Na atakayemwambia mwenzake "amka juu" atachekwa, ingawa Mwingereza haoni kichekesho katika "wake up". Tena "make up" pekee yawabeba watu watatu wasiojuana: aliyetunga uongo, wagomvi waliopatana, na bibi harusi aliyepambwa.

Lakini tusimcheke Mwingereza mapema. "Juu" letu nalo lina safari zake. Bei ikipanda iko juu. Kitabu kikisomwa bila kuzingatiwa kimesomwa juujuu. Nyumba iliyopekuliwa imegeuzwa juu chini. Wazee wetu waliandika juu ya jambo pale ambapo leo twaandika kuhusu jambo. Vijana wa Nairobi wamelifanya kuwa sababu: "sikuja juu mvua ilinyesha." Nanyi wapenzi wa ushairi mwajua lilivyo kina chenye choyo. Ukishamaliza kuu, guu, nafuu, tambuu na kifuu, huna budi kuanza kuomba.

Irente ni mahali pa kulipima neno hili. Ukisimama ukingoni mwa jabali, ardhi hukatika ghafla, na mbele yako, mamia ya mita chini, imetandazwa nyika, na Mazinde imo humo. Lugha zetu nyingi huweka ukubwa juu na unyonge chini, na utawala wa Wakilindi ulikuwa juu, Vuga. Lakini Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, nguvu haikubaki mlimani. Mwanawe Semboja alikuwa na makao yake Mazinde, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Kutoka huko chini akamng'oa mjukuu wa Kimweri aliyetawazwa Vuga. Aliye juu mngoje chini, husema wahenga. Hapa methali hiyo ilitimia kama ilivyo, bila fumbo.

Lakini maana iliyonigusa kuliko zote ni ile ya wajibu, nami niliiona ikijeruhi. Magoti yalikuwa yamemshinda mama mdogo, na njia za Irente ni za kupanda na kushuka. Kuni, maji na jiko vilikuwa vimemwangukia yule mjukuu, na vitabu vyake vikifunguliwa usiku, akiwa hoi. Wanawe wakaja kutoka Tanga na Dar es Salaam kushauriana. Mmoja wao, ambaye kazini hushinda akisema Kiingereza, alimweleza mama yake kwamba aweza kuhamia mjini au kubaki, kisha akamaliza kwa upole: "Mama, ni juu yako."

Alikusudia "it is up to you": chaguo lako, hatukulazimishi. Mama yule wa Pangani alisikia Kiswahili. Kwetu, wajibu ni mzigo, na mzigo hukaa juu ya kichwa. Deni ni juu yangu, mtoto ni juu yangu, lawama ni juu yangu. Alisikia kwamba uzee wake ameachiwa mwenyewe aubebe. Akajifunika kanga usoni, akasema, "Kama ni juu yangu, basi nendeni," asinene tena siku ile wala ya pili.

Hapo ndipo maneno haya mawili yanapokaribiana na kutengana. "Up" la Mwingereza hufikisha shauri kwako na kukuachia uhuru. "Juu" letu hukutwika. Kamusi ikiyaweka katika mstari mmoja haisemi uongo, lakini haisemi nani atachota maji kesho.

Aliyefungua fundo ni binti mkubwa. Siku ya tatu alikaa chini mkekani, akamshika mama yake miguu, akasema: "Mama, hiari ni yako, wewe u juu yetu." Mama mdogo alichagua kubaki. Binti akahama Tanga kabla ya masika, ndugu zake wakichangia kila mwezi, na mtoto akarudishiwa jioni zake za kusoma.